Pikipiki ya Kitaliano Iliyokuja kwa Magunia Matatu

Mkiniona mwongo ni sawa. Hata mimi, nilipoletewa pikipiki ndani ya magunia, nilidhani aliyeileta ana kichaa.

Ilikuwa Februari 1964, Uhuru ukiwa na miezi miwili tu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na gereji ya mabati hapa Kakamega, kwenye barabara ya kwenda Mumias. Watu waliniita Fundi Shitanda.

Jumamosi moja mkokoteni wa ng'ombe ukasimama mlangoni. Akashuka mwanamke mrefu, kitambaa cha kijani kichwani.

"Mulembe, fundi."

"Mulembe, mama. Karibu."

"Nimekuletea pikipiki."

Nikachungulia. Niliona fremu nyekundu, magurudumu mawili na magunia matatu.

"Iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

Nikafungua gunia la kwanza. Bana! Kila kipande kilikuwa kimefungwa kwa gazeti na kamba ya mkonge, na karatasi juu yake imeandikwa kwa penseli. *Kabureta. Usilazimishe skrubu ya chini. Vali ya moshi. Isagwe kidogo tu.*

Karatasi zingine zilikuwa na mwandiko wa karani. Zingine herufi ziliangukaanguka kama za mtoto wa darasa la kwanza. Niliona, sikuuliza.

Ilikuwa Guzzi, ya Italia. Silinda moja imelala kifudifudi, na gurudumu zito la chuma linazunguka nje ya injini. Nikamwambia nimewahi kuona moja tu maishani, ya Mtaliano mwenye shamba upande wa Lugari, aliyeuza vitu vyake akarudi kwao.

"Ni hiyo hiyo," akasema. "Bramwel aliinunua kwake."

"Bramwel ni nani?"

"Bwana yangu."

"Mwambie aje tuongee."

Akatazama chini. "Hayupo."

Nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa. Nikasema pole, naye akaitikia kwa kichwa.

Aliitwa Jael, fundi wa kushona sokoni Shianda. Kila Jumamosi alikuja na basi, akaketi kwenye kreti, akanisomea zile karatasi huku mimi nikifanya kazi.

"Ringi ya juu. Pengo lake litazame nyuma."

Wakati mwingine sauti ilikatika katikati ya neno. Mimi nilijifanya natafuta spana.

Nilisaga vali. Nilikata gasketi kwa mkasi. Nilisugua kila kipande kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka. Yeye aliniletea viazi vitamu, siku moja hata ingokho, kuku mzima, kwenye sufuria.

"Fundi, ikianza kulia, itasikika mbali?"

"Hii? Hata ng'ambo ya mto."

Akatabasamu. Mara ya kwanza.

Wasee, siku hiyo nilikwisha.

Nikaanza kunyoa ndevu kila Ijumaa. Nikanunua shati jeupe, mimi fundi wa grisi.

Kikabaki kitu kimoja, magneto, ile inayotoa moto wa plagi. Ilikuwa imekufa. Nikaituma Kisumu kwa fundi mmoja Mhindi aisuke upya. Tukangoja.

Ilirudi Agosti, siku ya Jumanne. Nikaifunga saa hiyo hiyo na kupiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Ya tatu...

Du. Du. Du. Du.

Polepole, kama mtu anayetwanga mahindi. Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Halafu nikafikiria. Jumamosi ataichukua. Kisha atarudi Kakamega kufanya nini?

Nikazima. Nikaifunika na gunia.

"Magneto imekuja?" akauliza Jumamosi.

"Bado, Jael."

Uongo wa kwanza niliutoa nimempa mgongo. Wa Septemba ulitoka laini.

Oktoba alikuja amekonda. Hakuketi.

"Fundi, hakuna njia nyingine? Si lazima itembee. Injini ilie tu."

"Bila magneto hailii."

"Tafadhali. Siku zinakwisha."

"Jumamosi ijayo," nikasema. Nilikuwa napanga maneno ya posa, si maneno ya pikipiki.

Ikaja, nikarudia neno hilo hilo. Kisha Novemba, Jumamosi tatu zikapita bila yeye.

Alitokea Desemba, wiki ile mji unapambwa kwa bendera za Jamhuri. Kitambaa kilikuwa cheusi. Chini yake, kichwa kimenyolewa.

"Nimekuja kuchukua vitu vya Bramwel. Hivyo hivyo vilivyo."

"Ngoja kwanza!" nikasema. Mpumbavu mimi, nilikuwa na furaha. Nikavuta gunia. Nikapiga kiki moja tu.

Du. Du. Du. Du.

Nikageuka nikicheka, nimuone akifurahi.

Jael alikuwa ameketi chini, kwenye udongo uliolowa oili, amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Nikazima injini.

"Magneto ilikuja lini?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshazoea. Lakini ulimi ulikataa.

"Agosti."

Akakigusa kitambaa chake cheusi.

"Bramwel amekufa tarehe kumi na nne Novemba."

"Bramwel? Si ulisema hayupo?"

"Hayupo nyumbani, fundi. Alikuwa kambi ya wagonjwa wa ukoma, upande wa Busia. Mwaka wa pili huu."

Vijana hamwezi kujua. Enzi hizo ukitaja ukoma, watu walichoma hata kiti ulichokalia. Nisiwadanganye, angeniambia ile Februari, nisingegusa yale magunia.

Akanieleza, macho yake kwenye udongo. Ugonjwa waliugundulia juu ya pikipiki hiyo hiyo. Bramwel alisimama barabarani kununua muwa, akasikia harufu ya nyama inayoungua. Ilikuwa ni mguu wake kwenye bomba la moshi. Hakuhisi kitu.

Kabla ya kwenda kambini aliifungua pikipiki yote, vidole vikiwa bado vinamtii, akaandika zile karatasi, za mwisho vidole vikiwa vimeanza kukataa. Dawa ikaushika ukoma. Figo zikamshinda. Januari daktari alimwambia Jael ajiandae. Bramwel akaomba kitu kimoja tu: iletwe mpaka langoni, aisikie ikilia.

"Ningekuomba uipeleke wewe," akasema. "Nilingoja iwe tayari ndiyo nikuambie."

Nikachukua tambara, nikaanza kufuta tangi lililokuwa safi tayari.

"Kwa nini, fundi?"

"Nilitaka uendelee kuja."

Nilitamani apige kelele. Anitupie spana. Hakufanya hivyo.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningekuja hata kukusalimia."

Akasimama, akapangusa nguo. Akaniambia niipeleke kambini, wenzake Bramwel waisikie, kisha nimpe daktari. Yeye mwenyewe, alisema, hawezi kuikalia, na hawezi kukaa nyuma yangu.

Kesho yake nikaondoka asubuhi. Nikapita Mumias, vumbi usoni. Injini haikukohoa hata mara moja. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya maishani, na kila maili nilitamani iharibike.

Kabla sijafika langoni walikuwa wameshatoka. Wengine kwa magongo, wengine wameshikana mabega. Walisimama wakisikiliza. Hakuna aliyezungumza mpaka nilipozima.

Mzee mmoja, mikono imefungwa bandeji, akanisogelea.

"Wewe ndiye Fundi Shitanda?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi Wanyonyi. Kitanda changu kilikuwa karibu na cha Bramwel. Kila Jumapili Jael akija, tulikuwa tunaulizanga habari za pikipiki. Tukasema huyo fundi ni mvivu, anamchezea mgonjwa. Bramwel akakasirika kabisa. Akasema, huyo mtu ni mwangalifu, hataki kuniharibia, ndiyo maana anachelewa."

Nikashika usukani wa pikipiki.

"Hata juma lile la mwisho alituambia, akija fundi, mumshukuru."

Akaninyooshea mkono wenye bandeji.

Nikaupokea. Ungefanya nini?

"Asante, fundi," akasema. Na wale wengine, mmoja mmoja, wakaja. Asante. Asante sana. Nilishika mikono yote. Sikumwambia hata mmoja wao ukweli.

Jael sikumwona tena. Nilienda Shianda mara mbili. Mara ya pili cherehani ya mtu mwingine ilikuwa kwenye kibaraza chake. Wakasema amerudi kwao.

Sasa nina miaka themanini na mitano, naandika hapa kwenye simu kwa kidole kimoja. Kama umeshika kitu cha mtu na kazi yake imekwisha, kirudishe leo. Kama unampenda, mwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Usimcheleweshe ili ubaki naye, kwa sababu hujui nyuma yake kuna nani amelala akihesabu siku.

Mimi nilishukuriwa na mtu niliyemnyima. Miaka sitini imepita, na ile asante bado sijajua niiweke wapi.