Boksi la Sita

Harufu ya plastiki mpya huniudhi mpaka leo. Ninafanya kazi katika duka la vifaa vya watoto pale Maili Moja, na kazi yangu ni kuagiza mizigo na kuipokea, kwa hiyo siwezi kuikwepa. Kila nikifungua katoni, harufu ile hutoka pamoja na ile ya karatasi iliyokaa muda mrefu baharini, nami hurudi kuwa na miaka kumi, nimeshika kiuno, nimevimba kwa hasira. Wenzangu dukani wanadhani nina mafua yasiyopona. Ngoja niwaambie ninyi, maana wao sijawaambia.

Tulikuwa tunakaa Kibaha, mimi na baba, kwenye nyumba ya kupanga yenye uwanja wa mchanga mwekundu. Baba alikuwa karani serikalini, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi mpaka yakang'aa mabegani. Mama alikuwa Afrika Kusini. Alikwenda kusuka nywele kwenye saluni ya rafiki yake nilipokuwa na miaka minane, akaniambia atarudi likizo. Hakutaja likizo ipi, nami sikujua kwamba jambo kama hilo huulizwa. Mdogo wake, mjomba Yona, alipanga chumba jirani na sisi. Kila alfajiri alikwenda Kariakoo, alikokuwa mtunza stoo wa tajiri mmoja wa vitu vya kuchezea.

Mjomba ndiye aliyeniletea boksi la kwanza. Lilikuwa na vitofali vya plastiki vya kuunganisha, vya ile filamu ya msichana anayeendesha treni jangwani akimtafuta mama yake. Filamu hiyo nilikuwa nimeiangalia kwa jirani mpaka sidii ikakwaruzika, ikawa inakwama kila mara pale treni inapopita darajani. Kwa nyuma ya boksi palikuwa na picha ya treni nzima, na namba moja mpaka sita. Moja kichwa cha treni, mbili behewa la maji, na kuendelea hivyo mpaka daraja, ambalo lilikuwa la tano. La sita lilikuwa stesheni. Hapo stesheni alisimama mwanasesere mwenye kitambaa chekundu kichwani, mdogo kama punje ya korosho. Ndiye mama mwenyewe.

Kila likizo mjomba alileta boksi moja. Vitofali nilivipanga juu ya meza ya cherehani ya mama, ambayo haikuwa na kazi nyingine, na hakuna aliyeruhusiwa kupangusa vumbi pale isipokuwa mimi. Nikafika la tano. Mwisho wa meza niliacha nafasi ya upana wa viganja viwili.

Pasaka ilipofika, mjomba alikuja mikono mitupu.

"Likizo ijayo, Lea," alisema.

Mwezi wa sita alisema meli imechelewa. Mwezi wa tisa alisema boksi liko stoo, ila limefunikwa na mizigo mingine. Kila mara alimaliza kwa yale yale, likizo ijayo, huku akiangalia viatu vyake.

Krismasi ya mwaka ule tulikwenda Maneromango kwa bibi, mama yake mama na mjomba. Mvua ilikuwa imekula barabara. Tulishuka kulisukuma gari mara mbili, na baba akafika na tope kwenye suruali aliyoinyoosha asubuhi. Baada ya ibada watu walikaa mikekani uani. Moshi wa korosho zilizokuwa zikichomwa nyuma ya jiko uliwasha macho, na pilau ilikuwa imeshafunikwa kwa sinia ikisubiri baraka. Ndipo mjomba Yona alipotokea na boksi lililofungwa kwa gazeti.

Sijawahi kuchana gazeti kwa kasi ile. Ndani mlikuwa na chombo cha angani.

"Hiki ni cha ile filamu ya vita vya angani," mjomba alisema haraka haraka. "Hii haiishi, Lea. Kila baada ya muda wanatoa nyingine."

Nilikirusha kikaangukia kwenye kuni.

"Lea," baba alisema. "Okota."

"Sitaki. Mjomba ni mwongo. Bibi, si unasema njia ya mwongo ni fupi? Yake mbona ndefu, imeanzia Pasaka mpaka leo?"

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Bibi alinizaba kofi. Alikuwa mwanamke mwembamba, lakini mkono wake ulikuwa umepalilia mihogo miaka hamsini, na sikio langu liliimba.

"Mwache, mama," mjomba alisema. "Ana haki. Lea, njoo huku."

Alinipeleka nyuma ya jiko, kwenye mikorosho, akachuchumaa ili tulingane.

"Stesheni haiji," alisema. "Wameacha kuitengeneza."

Niliuliza nani ameacha, na kwa nini. Lazima nikiri kwamba alinieleza vizuri, kama anavyoelezwa mtu mzima. Alisema wenye kiwanda cha vitofali hawammiliki yule msichana. Wamempanga kwa wenye filamu, kama baba alivyopanga nyumba, na mkataba una miaka yake. Filamu ya kwanza ilipendwa. Wakatoa ya pili, na huko kwao watu hawakwenda kuiangalia. Maboksi yakakaa madukani mpaka yakapauka. Mkataba ulipokwisha hakuna aliyetaka kuuongeza, na bila mkataba hata kuchora uso wa yule msichana kwenye plastiki ni kosa.

"Na hii ya angani?"

"Hii ina filamu mpya kila mara, na katuni kwenye televisheni. Halafu hata watu wazima wananunua, wale walioiangalia wakiwa wadogo kama wewe. Mradi inanunuliwa, wenye filamu na wenye kiwanda wanaendelea kuelewana."

"Lakini mimi naipenda ya treni."

"Najua."

"Wangeniuliza."

"Hawaulizi huku, mama. Wakitaka kujua nini kinapendwa, hawafiki Kibaha."

Kisha nikauliza lile ambalo lilikuwa limeniuma zaidi ya plastiki yote.

"Ulijua lini?"

"Kabla ya Pasaka. Sikuwa na moyo wa kukwambia."

Nikasimama pale nikihesabu likizo. Sijui ni kitu gani kilinifungua akili. Labda ni yale maneno yenyewe, kwa kuwa hayakuwa ya mjomba peke yake. Niliyasikia kwenye simu kila Jumapili.

"Na mama naye?"

"Mama kafanya nini?"

"Mama naye ni likizo ijayo."

Mjomba alikaa chini kwenye majani makavu, na suruali yake ya kanisani. Uani walikuwa wameanza kuimba.

"Mama yako harudi, Lea," alisema. "Ana mume huko. Wana mtoto."

"Baba anajua?"

"Anajua. Bibi pia."

"Mtoto wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

Nilimng'ata mkono. Nilimng'ata juu ya kifundo, kwa nguvu zangu zote, mpaka nikaonja chumvi. Hakuuvuta. Aliuacha pale mpaka meno yakachoka yenyewe.

Tuliporudi uani baba aliutazama mkono, akanitazama mimi, akaelewa.

"Umemwambia," alisema.

"Nimemwambia, shemeji. Ana miaka kumi, si miwili."

"Kuanzia leo usikanyage kwangu."

Bibi alifunua sinia, akaanza kupakua pilau, na sahani ya mwanawe hakuipakua. Mjomba aliondoka kwa miguu mchana ule wa Krismasi, akiifuata ile barabara ya tope, mkono wake ameufunga leso. Mimi nilifurahi. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilikula pilau yote nikidhani mwongo amepata alichostahili.

Tuliporudi Kibaha niliibeba treni kutoka juu ya cherehani, nikaitumbukiza chooni, kitofali kimoja kimoja, daraja kwanza. Baba alisimama uani akisikiliza kila kimoja kikigonga kule chini. Hakunizuia. Jumapili iliyofuata mama alipiga simu, akasema likizo ijayo, mwanangu, nikampa baba simu. Sikuzungumza naye tena mpaka nilipomaliza kidato cha nne, na hata sasa tunazungumza kama majirani waliowahi kugombania mpaka wa shamba.

Ya vitofali niliyaelewa mapema, nilipoanza kazi hii. Barua za mawakala huja na mistari mifupi tu: toleo hili limefungwa, usiagize tena. Kila ninaposoma moja, naona ni filamu iliyotoka mara moja ikasahaulika. Zile zinazodumu ni zile zile, zenye wapenzi waliokua nazo na watoto wao. Hayo ni biashara, na sina ugomvi nayo mkubwa.

Ya watu ndiyo yaliyochelewa kuniingia. Wakubwa waliokaa mikekani siku ile, wote walikuwa wanajua na wote walikuwa wananitazama nikisubiri. Mmoja tu ndiye aliyefungua mdomo, na ndiye niliyemwita mwongo mbele ya watu. Bibi alizikwa bila kuligusa jambo hilo. Nilimlilia, lakini hasira sikuizika naye. Baba ni mzee sasa, nampikia, namfulia, na bado kuna siku namtazama akinywa chai nikatamani kumuuliza alikuwa anangoja nini.

Mjomba Yona alihamia Soga, anafuga kuku. Mwaka jana nilimfuata.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuwa mrefu kama mama yako."

Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Alinikatiza kabla sijafika mbali.

"Usiniombe. Nilichelewa miezi tisa."

Hakutaka kusikia zaidi, akanipeleka kunionyesha mabanda.

Wiki mbili zilizopita aliingia dukani binti wa miaka minane hivi, ameshika ukurasa uliochanwa kwenye kitabu cha maelekezo. Alikuwa akitafuta jumba lililobaki katika seti yake. Seti ile imefungwa. Barua yake ninayo kwenye faili. Mama yake alinikonyeza juu ya kichwa cha mtoto.

"Dada, mwambie litakuja wiki ijayo."

"Halitakuja," nilisema.

Mama yule aliniangalia kama niliyemtemea mate. Nikamwacha aniangalie. Binti alikunja uso, akajizuia, akauliza kwa nini. Nikatoka nyuma ya kaunta, nikavuta kigoda nikakaa, nikaanza kumweleza tangu mwanzo.