Salamu Kwenye Simu ya Upepo

"Ungeuliza hali ya ng'ombe ukaachana na jino," nilimwambia Owuor. "Ng'ombe hata mzungu anamwelewa. Jino la Nanyama la nini?"

"Muulize Nyongesa," akasema, huku anapiga kiatu chake brashi kama anayekiadhibu. "Mke wake analia jino siku tatu kule Molo, mwanaume hajafunga jicho, halafu mimi nimwite tu, 'Molo, ingia'? Kwani mimi nililelewa na fisi, mama Adero?"

"Basi utaenda kulinda daraja ukiwa na rungu. Huko utasalimia mawe."

Hapo akaweka brashi chini, kwa sababu hayo ya daraja na rungu ndiyo yaliyokuwa kwenye barua. Mimi kusoma sikujua, na sijui hadi leo, lakini Owuor alinisomea mara mbili, na mara ya pili sauti ilikuwa imeshuka mpaka magotini.

Barua ilitoka Nairobi, kwa yule mkubwa aliyesimamia simu zote za upepo za polisi, zile zisizo na waya, nchi nzima. Watu wa simu walimwita Bwana Masikio. Walisema akiwa Nairobi anasikia mtu akijikuna kichwa Londiani. Mimi naamini, maana alikuwa ameketi asubuhi tatu akisikiliza bonde letu, na kila kitu alikiandika. Jumatatu, Nakuru, yaani Owuor wangu, ilimuuliza Kipkemei wa Londiani kama mvua imenyesha na kama ng'ombe wake mwekundu amezaa. Jumanne, Nakuru na Molo walizungumza habari ya jino. Jumatano, Nakuru ilimpa pole Koplo Micah wa Kariandusi kwa sababu ya mama mkwe wake, na mama mkwe mwenyewe hakuwa mgonjwa, alikuwa amekuja tu kutembea. Alhamisi ijayo Bwana Masikio angekuja mwenyewe. Akisikia salamu moja tena, Owuor atoke kwenye kiti cha simu.

Na kile kiti ndicho kilichokuwa maisha ya mume wangu. Aliletwa Nakuru na mjomba wake aliyekuwa akilisha magari ya moshi makaa, wakakaa Bondeni, na mjomba alitaka naye ashike koleo. Lakini Owuor alizaliwa na sauti. Siku moja, na sikudanganyi, alimwita mtu pale sokoni, nusu ya flamingo wa ziwani wakaruka wakaenda zao Elmenteita, hawakurudi mpaka Jumapili. Polisi wakasikia, wakamwandika. Wakampa ile mashine, na huo mwaka wa hamsini na saba ulikuwa wa nane akiwa nayo.

Kila siku saa tatu asubuhi aliita vituo kumi na kimoja, kimoja kimoja, kutoka Naivasha mpaka Londiani. Kazi yake ilikuwa kujua nani yuko, betri ya nani inakufa, mlingoti wa nani umeangushwa na upepo. Kituo kikinyamaza, fundi anapanda gari. Aliwalea wale watu kama kuku na vifaranga, na hakuna hata mmoja aliyeingia kwake bila kuulizwa habari ya nyumbani. Kipkemei akijibu "salama" mara mbili, betri ni nzuri. Akijibu mara moja, betri ni nzuri lakini Kipkemei ana homa. Mambo kama hayo hayakuandikwa katika kitabu chochote cha serikali.

Alhamisi ikafika. Mimi ndiye niliyepika chai ya maaskari wa zamu, kwa hivyo nilikuwa na haki ya kusimama mlangoni na birika, na siku hiyo nilimimina polepole sana. Nilitarajia mtu mwenye masikio ya tembo. Kumbe alikuwa na vimasikio vidogo kama vya panya, vyekundu. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, hakina hata kunjo moja.

Hakukaa kunywa chai. Alimwambia Owuor asimame kando atazame jinsi simu inavyoitwa. Akaketi kwenye kiti, akashika kipaza sauti.

"Naivasha, ingia. Ova."

Kimya. Hiyo ova maana yake sema wewe sasa, lakini mashine ilikuwa ikichemka tu kama mafuta ya kukaanga. Akaita Gilgil, kimya. Akaita Kariandusi, akaita Molo, akaita Londiani. Vituo kumi na kimoja, hakuna aliyekohoa. Akabadilisha betri, akaanza tena kutoka Naivasha. Akamtuma konstebo mmoja apande mlingoti, na yule konstebo akapiga kelele kutoka juu kwamba kila kitu kiko sawa na kwamba anaona mpaka Uganda. Saa nzima iliisha hivyo. Vimasikio vya bwana vikageuka kutoka wekundu vikawa zambarau.

Mwishoni akatoa kalamu. Alimwambia Owuor kwamba bonde zima limekufa, kwamba yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wake, na kwamba uzembe kama huo hajawahi kuuona. Mimi niliona mkono wa mume wangu ukishika ukanda wa suruali, kama mtu anayejiandaa kuuvua na kurudisha vitu vya watu.

"Bwana," Owuor akasema, "niruhusu niite mara moja kwa mdomo wangu."

"Bila salamu?"

"Na salamu. Rungu liko pale pale, halitakimbia."

Bwana Masikio akaitazama kalamu, akaitazama mashine, akainuka.

Owuor aliketi, akasafisha koo. "Kipkemei, ndugu yangu, mmeamkaje huko? Yule mwekundu amezaa? Ova."

Ile mashine karibu ipasuke. Sauti ziliingia zote pamoja, Naivasha juu ya Molo, Gilgil chini ya Londiani, kila mtu anamwita Owuor, mpaka chai ikatikisika ndani ya birika. Ni Kariandusi peke yake ambao hawakusikika, na katika ghasia ile nani angehesabu. Owuor akawaambia wapange foleni kama watu wa kanisa. Kipkemei akaingia kwanza.

"Owuor, kumbe uko hai. Sasa sikiliza. Kuna mwizi kwenye mashine yako. Saa nzima anatuita bila salamu, kama anaita mbwa. Mimi sikumjibu hata neno. Tena anaongea kwa pua. Mwekundu amezaa jike. Ova."

Nyongesa akasema naye alinyamaza, kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba jino limeng'olewa. Na wengine wote wakasema hivyo hivyo, kila mtu na habari za kwake, na hakuna aliyekuwa amepatana na mwenzake. Mimi niliuma kifuniko cha birika.

Bwana Masikio alikuwa amesimama nyuma ya kiti, hasogei. Akauliza walijuaje kuwa anayeita ni mgeni.

"Bwana, kwetu anayekuja kwa wema hubisha hodi," Owuor akamwambia. "Anayeruka salamu ana kitu anakikimbilia."

Bwana akahesabu kitu kwa vidole. Kisha akasema, taratibu, kwamba amekagua mikoa yote, na kila mahali ameketi kwenye mashine na watu wamemjibu, wakamwambia magari yako wapi na maaskari ni wangapi, bila kumjua ni nani. Nakuru peke yake ndiko alikoshindwa kuingia. Akaifunga kalamu yake na kifuniko.

"Utabaki kwenye kiti," akasema. "Lakini salamu moja tu kwa kila kituo."

Nilidhani Owuor atapiga saluti ashukuru Mungu. Wapi.

"Moja ni matusi, bwana. Tatu. Mvua, mifugo, na watu wa nyumbani."

"Mbili. Mvua utaiona dirishani."

"Ya Londiani nitaionaje kutoka dirisha la Nakuru? Na jino, litaingia wapi?"

"Jino liingie kwa watu wa nyumbani," bwana akasema, na akachukua kipaza sauti mkononi aonyeshe jinsi salamu mbili zinavyoweza kusemwa kwa pumzi moja. "Naivasha, hamjambo, mifugo je? Unaona? Sasa hiyo mvua yako, kama ni lazima..."

Mlango ukasukumwa kwa bega. Alikuwa Koplo Micah, mweupe kichwa mpaka kiatu kwa vumbi la machimbo ya Kariandusi, na nyuma yake maaskari watatu na bunduki. Alimtazama Owuor, akanitazama mimi na birika langu, kisha akamtazama yule mgeni mwenye kipaza sauti mkononi.

"Mwizi ndiye huyu?" akauliza.