Shikamoo Isiyoitikiwa Kurui

Najua utasema njaa na jua vilinichanganya. Sema tu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, kule Kurui, saa saba mchana kweupe, na sijaongeza hata chembe.

Mimi ni fundi wa jenereta, nina kibanda changu Kongowe ya Kibaha. Mzee Salehe wa Misugusugu, dereva mstaafu, alikuwa amegeuza basi dogo kuukuu kuwa nyumba ya kusafiria: kitanda, jiko, friji na kiyoyozi. Nikamfungia jenereta chini ya sakafu, lenye mfumo wa kujiwasha. Joto likizidi ndani, au betri ikishuka, linanguruma lenyewe. Likimaliza kazi linajizima. Nilijivunia kazi ile kupita kiasi. "Mzee, hii swichi huigusi," nilimwambia. "Linajua lenyewe."

Safari ya kwanza tulikwenda wote, kulijaribu, kwenye shamba la marehemu mama yake huko Kurui. Jua lilikuwa kali, akaingiza gari ndani ya ghala tupu la korosho apate kivuli cha kulala kidogo. Mimi nikatoka kwenda kutafuta chakula. Nyuma yangu nikamsikia anafunga milango ya ghala kwa komeo la ndani, watoto wasije kumchungulia. Jenereta lilikuwa kimya, swichi iko palepale nilipoiacha. Kuizima kungenichukua muda gani? Haikunijia kabisa kichwani.

Nikiwa kwa mama ntilie, nimefika nusu ya sahani, nikamwona mzee anapita barabarani. Pekupeku, kifua wazi, kajifunga msuli wa bluu kiunoni. Nikainuka. "Shikamoo, mzee!"

Hakuitikia. Niamini, mtu yule hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu, hata ya mlevi. Alinitazama tu, macho mekundu, akasema taratibu, "Njoo ulizime, mwanangu."

"Litajizima lenyewe, mzee!" nikamjibu huku nacheka. Nilidhani kelele zimemnyima usingizi, kaamua kunyoosha miguu. Nikakaa, nikamalizia wali, nikaagiza na soda. Yule mama ntilie akaniuliza naongea na nani. Nikaona ananitania.

Wakati wa kurudi niliusikia mngurumo kutoka mbali. Moshi ulikuwa unatoka chini ya milango ya ghala, na milango yenyewe bado imefungwa kwa ndani. Sasa mzee alitokaje? Niliivunja kwa jembe nililolikuta ukutani. Mzee alikuwa kitandani, na msuli uleule wa bluu, ameshakata roho. Nikamshika miguu. Nyayo zilikuwa safi, hazina hata vumbi, na bado zina joto.

Alikuja kuniita akiwa hai, mimi nikaagiza soda.

Mjane wake kila tukikutana huniuliza mumewe alisema nini mara ya mwisho. Namwambia tuliagana vizuri. Ni uongo, na unanitafuna. Mifumo ya kujiwasha sifungi tena, anayeitaka aende kwa fundi mwingine. Nikimwamkia mzee yeyote akachelewa kuitikia, namwamkia tena na tena mpaka aitikie.

Na wewe mwenye jenereta la namna hiyo, ukiegesha ndani, zima swichi kwa mkono wako kabla mtu hajalala. Na mkubwa wako akitokea usipomtarajia, ukamwamkia asiitikie marahaba, acha chakula hapohapo. Kimbia ulikomwacha. Huenda bado anapumua.