Dawa za Kutibu Dawa

Hospitalini walimwita Bibi Kwa Nini, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mfamasia wa wodi, mwanamke mrefu mkavu, miwani imemtelemkia puani, sauti ya kukwaruza kama msasa. Asubuhi madaktari walipopita kitanda kwa kitanda naye alikuwa nyuma yao, na kila dawa ilipoandikwa aliuliza, "Kwa nini?" Huyu anapewa antibiotiki kwa nini, na mafua yake ni mafua tu? Huyu anachomwa sindano kwa nini, na mdomo anao, na chai ameinywa sasa hivi mbele yetu?

Watu walisema ana kiburi, na kwa kweli alikuwa nacho cha kugawa. Aliwadharau madaktari walioandika dawa kama mtu anayemwagia maji nyumba nzima kwa sababu amesikia harufu ya moshi. Aliwadharau wagonjwa waliojiona wameibiwa wakitoka hospitali bila mfuko unaochakarisha. Zaidi ya wote alimdharau yule mtu wa kampuni ya dawa, mwenye suti ya kung'aa na boksi la keki, aliyejua majina ya watoto wa kila daktari na hakujua ini liko upande gani wa tumbo.

Mwaka mmoja aliomba ruhusa ya kufanya utafiti. Alitaka kujua wazee wanaolazwa wanameza dawa gani, na ni ngapi kati ya hizo zilizoandikwa kutibu madhara ya dawa nyingine. Alizunguka wodini miezi mingi, akiongea na wagonjwa, na binti zao, na masista. Alipomaliza, akayaeleza matokeo kwenye mkutano wa asubuhi. Karibu nusu ya wazee wale walikuwa na angalau dawa moja isiyo na kazi ila kusafisha uchafu wa mwenzake.

Daktari bingwa wa wodi, ambaye hata mkewe alimwita Bingwa, alikuwa akichezea simu. Akainua kichwa.

"Dada, kazi nzuri sana. Ila sisi hapa tunatibu watu, hatutibu majedwali."

Ukumbi ukacheka. Bibi Kwa Nini akasubiri wamalize.

"Nimeona mnavyotibu," akasema, "ndiyo maana nikaandika majedwali."

Safari hii hakucheka mtu. Utafiti ukaingizwa kabatini, kabati likafungwa. Madaktari wawili watatu vijana, ambao pengine wangependa kumwuliza jambo, waliuona mdomo wake ulivyobetuka, wakaamua kunyamaza.

Nyumbani alikuwa na mume mwalimu wa hesabu, mtu wa taratibu, na baba mkwe aliyekuwa adhabu. Mzee yule alikuwa mkaguzi wa shule kabla ya kustaafu, na bado aliitwa Mkaguzi. Alitumia maisha yake kusimama nyuma ya madarasa, mikono mgongoni, akingoja mwalimu akosee. Siku mwanawe alipompeleka mchumba nyumbani, Mkaguzi alimtazama kutoka kwenye viatu kwenda juu.

"Unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mfamasia, baba."

"Yaani unauza dawa."

"Siuzi. Nafanya kazi hospitali, nasimamia..."

Mzee alishamgeukia mwanawe. "Umesoma hesabu miaka yote hiyo, ukaja kuoa duka."

Tangu siku ile akamwita Duka. Duka amekuja. Mwambieni Duka chai yake haina rangi. Hakuwahi kumwambia karibu, wala keti. Naye Bibi Kwa Nini hakumdai heshima, maana hakuona cha kudai. Machoni pake mzee yule alikuwa filimbi tu, iliyobaki ikilia baada ya mchezo kwisha.

Basi siku wifi yake, aliyeishi na mzee, alipopiga simu na kusema, "Wifi, baba amebadilika, amekuwa mpole," alidhani anataniwa.

Yeye na mumewe walikwenda Jumapili. Mkaguzi alikuwa sebuleni, shati limefungwa vifungo kombo, midomo imekauka hadi kupasuka, mikono inatetemeka juu ya magoti. Alipomwona mkwewe uso wake ukafunguka kama dirisha. Akanyoosha mkono, akamshika.

"Mwanangu, umechoka. Njoo ukae hapa karibu nami. Umekula?"

Bibi Kwa Nini akakaa. Mzee akamshika mkono mwanawe naye, akawa ameketi katikati yao, akitabasamu. Kisha akageukia ukuta mtupu na kuwaambia walimu wakuu waliosimama pale wangoje zamu yao.

"Ni uzee," wifi akanong'ona. "Bingwa amesema akili ndiyo inaondoka hivyo. Tujiandae."

Jina la Bingwa lilimzindua. "Niletee dawa zake," akasema. "Zote."

Wifi akaleta mfuko wa plastiki, akaumwaga mezani. Vilikuwa vichupa, pakiti, vidonge vya rangi zote, vingine vimefungwa kwenye karatasi za gazeti. Bibi Kwa Nini akaanza kuvitenga kwa kidole.

"Hii ya presha ilitangulia?"

"Ndiyo. Ikafuata miguu kuvimba. Akapewa hii ya kupunguza maji."

"Akaanza kukimbilia chooni."

"Umejuaje? Mara nyingine hafiki. Aliona aibu sana. Bingwa akaandika hii ya kubana mkojo."

"Baada yake akaanza kuchanganyikiwa."

Wifi akamtazama kwa mashaka. "Akaanza kupiga kelele usiku. Akapewa hii ya kumtuliza. Halafu mikono ikaanza kutetemeka, anaburuta miguu. Bingwa akasema ni ugonjwa wa kutetemeka, akaongeza hii."

"Na kwa hii, akaanza kuona watu ukutani."

Vidonge vilikuwa vimepangwa mezani kwa mstari, na mtu yeyote angeweza kuona jinsi kila kimoja kilivyomzaa mwenzake. Kuvimba miguu hakukuwa ugonjwa, ilikuwa ile dawa ya presha. Kukimbilia chooni, kuchanganyikiwa, kutetemeka, vyote vilitoka kwenye mfuko ule ule. Huyu mzee hakuwa akizeeka. Alikuwa akitibiwa.

Furaha ya kwanza iliyompanda Bibi Kwa Nini ilikuwa mbaya, na aliijua kuwa mbaya. Akilini alimwona Bingwa na simu yake, akamwona amebanwa ukutani.

"Tutaziondoa," akasema. "Si zote kwa pigo moja, zingine zikikatwa ghafla zinaua. Moja moja, akiwa wodini."

Wifi akamtazama babake, aliyekuwa akiupapasa mkono wa mwanawe. "Kwani lazima? Mbona ametulia. Nimeishi naye miaka yote, wifi, wewe humjui. Sasa ananiambia asante. Ana amani."

"Hana amani. Ana sumu."

Njiani kurudi mumewe ndiye aliyeendesha gari.

"Akiacha zile dawa, atarudi alivyokuwa?"

"Atarudi."

"Vile vile?"

"Vile vile."

"Hajawahi kunishika mkono," mume akasema. "Hata nilipokuwa mdogo." Usiku ule Bibi Kwa Nini alilala akijua kwamba angeweza kunyamaza tu, na familia nzima ingemshukuru. Alijichukia kwa kulifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Asubuhi akamfuata Bingwa ofisini. Alijiapiza kuongea kwa adabu, na adabu ikamtosha hadi mlangoni.

"Dawa ya kutetemeka uliiandika wewe?"

"Niliandika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mgonjwa alikuwa anatetemeka, Bibi Kwa Nini."

"Na alitetemeka kwa nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza swali lile kumkuta Bingwa ameketi peke yake, bila wanafunzi wa kuwachekesha. Akaegemea kiti.

"Mlaze," akasema hatimaye. "Toa unachotaka kutoa, nitasaini. Presha ikimpasua kichwa, utawaeleza wakwe zako mwenyewe."

Hakukubali kwa sababu ameelewa. Alikubali kwa sababu alitaka kumwona akianguka, na Bibi Kwa Nini alilijua hilo, akamdharau kwa hilo pia, huku akipokea saini yake.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Dawa ya presha ilibadilishwa kwa nyingine isiyovimbisha miguu, na presha ikapanda kabla ya kutulia. Ile ya kutetemeka ilipopunguzwa, mzee akakakamaa kitandani kama gogo. Ile ya kumtuliza ilipopunguzwa, akapiga mayowe hadi wagonjwa wa wodi ya pili wakalalamika. Ndugu walikuja kumwangalia, wakamwona Duka amesimama kando ya kitanda, wakabetua midomo. Shangazi mmoja alisema wazi koridoni, kwa sauti ya kusikika, kwamba huyu mwanamke anamnyima mzee dawa ili afe upesi. Wifi aliacha kumsalimu.

Bibi Kwa Nini alimpima mzee presha kwa mikono yake, asubuhi na jioni. Jioni moja sista mzee wa zamu alimwona amechoka. Akamletea kiti.

Asubuhi moja, madaktari wakipita na wanafunzi nyuma yao, Bingwa alisimama mbele ya kitanda cha Mkaguzi akaanza kueleza. Mzee alikuwa amekaa wima, macho makali kama zamani.

"Kijana," akasema, "chomekea shati lako. Unafundisha watu."

Wanafunzi wakainamisha vichwa kuficha meno. Bingwa akachomekea. Ndipo macho ya mzee yakahamia kwa mkwewe.

"Na huyu Duka anatafuta nini hapa?"

Bibi Kwa Nini alikuwa amengoja siku ile kwa wiki kadhaa, na ilipofika ilimwingia kama kofi. Alishinda. Mtu aliyemwita mwanangu hakuwepo tena, yeye mwenyewe alikuwa amemwondoa kidonge baada ya kidonge. Mumewe, aliyekuwa dirishani na themosi ya chai, akaanza kutazama sakafu.

Bingwa aliwaambia wanafunzi kwamba magonjwa ya akili ya wazee hupanda na kushuka, na kwamba yeye tangu mapema alikuwa na shaka. Alisema hivyo mbele ya Bibi Kwa Nini bila kupepesa. Baadaye daktari kijana mmoja alimfuata koridoni, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ule utafiti bado upo. "Kabatini," akajibu, na akaanza kuondoka. Kisha akageuka. "Njoo mchana. Nitakuonyesha."

Kama mambo yangeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini Mkaguzi alirudi nyumbani na somo jipya. Aliwakusanya wastaafu wenzake sebuleni, akawaeleza jinsi alivyopona: aliacha dawa. Dawa zote ni upuuzi, akasema, ni biashara ya maduka na watu wa maduka. Alisimama mbele yao mikono mgongoni, wakamsikiliza, kwa maana walizoea kumsikiliza. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mgonjwa wa sukari, akaenda nyumbani akatupa dawa zake chooni. Haukupita muda mrefu akaletwa hospitali hajitambui, kidonda cha mguuni kimeoza. Waliuokoa uhai wake. Vidole viwili vya mguu havikuokoka.

Bibi Kwa Nini alikwenda kwa mkwewe na koti la kazini mwilini.

"Rafiki yako yuko wodini. Amekatwa vidole."

"Hakuwa na msimamo," mzee akasema, lakini rangi ilimtoka.

"Alikuwa na msimamo wako. Nisikilize, baba. Umekagua shule maisha yako yote. Ulipokuta mwalimu mmoja hajui kufundisha, ulifunga shule nzima?"

Mzee akarekebisha kola ya shati.

"Ulimwondoa mbovu ukamwacha anayefanya kazi. Ndicho nilichokufanyia. Dawa yako ya presha bado unaimeza kila siku, na bila hiyo ungekuwa umeshazikwa. Hilo mbona hukuwaambia? Ama mkaguzi siku hizi anasoma nusu ya daftari?"

Hakuna mtu aliyewahi kusema na mzee yule hivyo nyumbani kwake. Wifi, mlangoni na sinia mkononi, alisimama kama amepigwa msumari. Mkaguzi alitazama miguu yake, ambayo haikuvimba tena.

"Nani anajua ipi ni ipi?" akauliza, kwa ukali, kama anayemtega mwalimu.

"Mimi."

Jumamosi iliyofuata sebule ilijaa. Mzee aliwaita wenzake wote, kila mmoja na mfuko wake, akawapanga kwenye mabenchi kwa umri na kuwakataza kuongea. Radhi hakuomba. Alisema tu, "Duka atawaona mmoja mmoja, jibuni mnachoulizwa," akakaa pembeni kusimamia. Daktari kijana wa koridoni alikuja na Bibi Kwa Nini, akawa anapima presha.

Kazi ilikwenda hadi jua likageuka. Wengine walihitaji dawa zao zote, akawaambia wasiguse hata moja. Wengine walikuwa wakimeza dawa ile ile mara mbili kwa majina mawili. Mama mmoja mnene, mjane wa mkaguzi mwingine, alikuja na mfuko mkubwa kuliko wote, akaondoka na pakiti tatu na karatasi ya kumpelekea daktari wake. Alizigeuza zile pakiti mkononi, amenuna.

"Nimekuja na mfuko umejaa," aliwaambia waliobaki kwenye benchi, "ananirudisha na hizi tu. Nimemkosea nini huyu mwanamke?"

Bibi Kwa Nini hakuinua macho.

"Mwingine," akasema.