Mhadasi wa Allal

Batul alikuwa juu ya paa, birika mkononi, mumewe alipotokea kwenye ngazi. "Weka hilo birika chini, mama. Kaka yako ametutoka alfajiri, huko hospitali."

Hakuliweka. Alimaliza kwanza kuumwagilia mhadasi, mti mdogo wa majani ya kunukia uliokuwa chunguni, ndipo akasema, "Sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea."

Kaka yake, Allal, alikuwa tabibu wa mimea ya vyungu kwa mtaa wao mzima pale mjini Salé, na ulimi wake ulikata kuliko kisu chake. Mmea ukiugua, aliung'oa chunguni, akainusa mizizi, akakata yote iliyokuwa myeusi na laini, akapaka majeraha jivu la tanuri la mkate. Kisha aliurudisha kwenye udongo mkavu wenye mchanga, marufuku maji siku kumi.

"Nyie hammwagilii, mnaosha maiti," aliwaambia wanawake. Batul ndiye aliyesimangwa zaidi.

Hata hivyo, Allal alipolazwa hospitali, mhadasi wake alimwachia Batul. "Nikifa upandwe kaburini kwangu. Chomeka kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, usiuguse."

Wiki ya kwanza alitii. Kisha Bi Ghita, jirani wa chini, akalalamika kwamba maji yanadondokea nguo zake. Batul akaziba tundu la chini ya chungu kwa nta. Na kila alipotoka hospitali, akiwa hana la kumfanyia kaka yake, aliumwagilia mti.

Sasa maiti ilikuwa imeletwa nyumbani, ikioshwa sebuleni, maziko baada ya adhuhuri. Batul akakipindua chungu ili autayarishe mti. Uvundo wa mtaro ukampiga usoni. Mizizi ilimkatikia vidoleni kama nyama iliyochemka kupita kiasi. Akakata, akakata tena, akitafuta hata mmoja mweupe. Hakuupata.

Bi Ghita alikuwa amepanda kutoa pole. "Kaponya vyungu vya watu wote hawa. Chake umekizamisha wewe."

"Tundu niliziba kwa ajili ya nguo zako."

"Nilisema zimelowa. Sikukwambia uue." Akautazama mti. "Wape tu wakapande. Majani bado kijani, nani atajua?"

"Sipeleki uozo juu ya kaka yangu."

Akashuka. Allal alikuwa ameshavishwa sanda, uso bado wazi. Akambusu kipajini. "Mti wako nimeuua, kaka. Nisamehe." Shangazi yao akamvuta, machozi yasidondokee sanda.

Wanaume wakainua jeneza, wakitamka shahada. Wanawake wakaishia mlangoni, kama ilivyo desturi. Allal alizikwa kabla ya alasiri, wakamwagia kaburi maji, wakamwombea, wakarudi. Juu yake hawakupanda kitu.