Yustina na Joto la Miaka

Nimepangisha vyumba Temeke tangu kabla ya Uhuru, na wapangaji nimewaona wa kila namna. Lakini Yustina Komba ndiye pekee aliyenichosha kwa kutokaa. Akila, anasimama. Akifua, ananyanyuka povu likiwa mikononi, anakwenda mlangoni kutazama jua, anarudi. Mumewe Albano, Mmakonde mchonga vinyago, alikuwa kinyume chake. Akishika gogo la mpingo asubuhi, adhuhuri utamkuta palepale, miguu imezikwa kwenye maranda. Nilikuwaga nawaambia, "Nyie wawili mmegawana mwili mmoja. Huyu kapewa makalio, huyu kapewa miguu."

Yustina alitoka Mbinga. Masista walimsomesha, akaja Dar mara tu baada ya Uhuru kufanya kazi ofisi ya hali ya hewa. Kazi yake ilikuwa hesabu: joto la mchana, joto la usiku, wastani wa mwezi, wastani wa mwaka. Aliifanya vizuri na bila wasiwasi mpaka mwaka ule wa ukame, tulipokuwa tunapanga foleni ya unga wa mahindi ya njano.

Mwaka huo mkuu wake, Ndugu Leonardi, alirudi kutoka masomoni Ulaya na jambo jipya. Alimtaka Yustina akusanye wastani wa joto la Dar kwa miaka yote iliyokuwa na karatasi pale ofisini, atengeneze alichokiita mfano wa hesabu. Sikuelewa, nikamwambia anieleze vizuri. Nilikuwa napeta mchele uani.

"Bi Mahfudha, si unamjua fundi nguo? Anakata karatasi kabla ya kukata kitambaa. Na mie nakata karatasi ya joto. Naondoa kiangazi na masika, naondoa ule mwaka mmoja mmoja uliochachamaa, nione umbo gani linabaki. Umbo likiikaa vizuri miaka iliyopita, linaweza kutuonjesha ijayo."

"Na limekaa?"

"Halijakaa!" Akanyanyuka, akazunguka kisima mara mbili tatu. "Joto linakwenda sawasawa miaka mingi, halafu ghafla limepanda ngazi. Ngazi kabisa! Joto la dunia halipandi hivyo."

Siku zile mdogo wake Bernadeta alikuja kutoka kwao. Familia yake ilikuwa imehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, wameacha migomba na makaburi nyuma, na mahindi waliyopanda mahali papya yalikauka. Usiku wa kwanza alilala mapema. Asubuhi, tukinywa chai, akamgeukia dada yake.

"Dada, wewe kazi yako kupima jua. Hebu tuambie. Miaka hii mibaya inapita, au ndiyo dunia imeshakuwa hivi?"

Yustina alinyanyuka, akaenda mlangoni kutazama jua. Chai yake ilipoa. Tangu siku hiyo, kile kilichokuwa tabia tu kikawa ugonjwa. Alikuwa anatembea huku midomo inahesabu.

Alimwendea Ndugu Leonardi na ile ngazi yake. Leonardi alicheka kidogo, lakini si kwa dharau. Akamweleza kwamba zamani vipimajoto vilikuwa kwenye uwanja wa nyasi nje ya mji, baadaye vikahamishiwa karibu na maghala, kati ya mabati na malori. "Kwa hiyo sehemu ya ngazi yako ni mahali tu," alisema. "Sehemu gani, sijui. Na ule uwanja wa zamani sasa umejaa nyumba."

"Basi nitafute uwanja mwingine kama ule," Yustina akasema. "Tupime kote kuwili, tuone tofauti."

Leonardi alifikiri, kisha akamwazima vipimajoto viwili. Sanduku la kuviwekea alilitengeneza Albano. Lilikuwa jeupe, lina miguu mirefu kama ya korongo, na kuta zake ni vibao vilivyolazwa ili hewa ipite lakini jua lisiingie. Walilisimamisha Yombo, kwenye nyasi za shamba la Mzee Fransis, binamu yake Albano. Siku hizo Yombo ilikuwa mikorosho na mihogo tu. Yustina akanunua baiskeli kuukuu, na kila asubuhi kabla ya kazi alikwenda kusoma vipimo. Mwanamke juu ya baiskeli, gauni kalifunga kiunoni! Temeke nzima ilisema. Hakusikia.

Mie nilikuwepo siku ya balozi wa nyumba kumi. Nilikwenda kununua mihogo kwa Fransis, nikamkuta Mzee Jaffar, balozi wa pale, kasimama mbele ya sanduku na mgambo mwenye rungu.

"Hii ni redio ya nani?" aliuliza.

"Shikamoo, mzee. Si redio. Ni nyumba ya vipimajoto," Yustina alijibu.

"Marahaba. Inapeleka habari wapi?"

"Haipeleki popote. Naisoma mimi."

Balozi alimtazama Albano. Wareno walikuwa bado hawajaondoka ng'ambo ya Ruvuma, watu wanaogopa majasusi wao, na Albano alikuwa na chale za Kimakonde usoni na lafudhi ya huko. Nilimwona Albano anaishikilia patasi yake, kisha anaiweka chini polepole, mbali na mkono.

"Ingiza mkono, mzee," Yustina alisema, akafungua kimlango.

Balozi aliingiza. "Mna baridi."

"Ni hewa bila jua. Ndiyo tunayoipima."

"Na mkishaijua, iweje?"

Hapo Yustina akageuka kutazama jua, kama alivyofanya kwa Bernadeta. Balozi akaamuru sanduku ling'olewe. Walilibeba wenyewe hadi ofisi ya tawi la chama, likafungiwa stoo. Yustina alipofika nyumbani alilia kwa hasira, anatembea analia, mpaka nikamshika mabega nikamkalisha kwa nguvu.

Aliyemwokoa ni Ndugu Leonardi. Alikwenda mwenyewe kwa Landrova ya ofisi, akavua kofia, akampa balozi shikamoo, akakaa naye mkekani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Sijui walizungumza nini. Sanduku lilirudi shambani siku ileile, na balozi akatangaza kwamba atakayeligusa atamjua yeye ni nani.

Watu waliogopa. Kuku hakuogopa. Mama yake Yustina alifariki, naye Yustina akasafiri kwenda kuzika, akamwachia Albano kazi ya kusoma. Alichelewa kurudi. Aliporudi alikwenda Yombo kabla hata ya kufungua mzigo, akafungua kimlango, akamkuta mtetea kaatamia, kipimajoto cha usiku kimeegemezwa pembeni.

"Albano! Hukumwona?"

"Nilimwona."

"Ukamwacha?"

"Alikuwa na mayai, Yustina. Ningemtoa vipi?"

Niliwasikia wakigombana kuanzia barabarani. Kumbe siku zote hizo Albano alisoma kwa uaminifu joto la kuku. Yustina alitaka kuzitupa zile siku zote. Leonardi akamfundisha kwamba pengo huzibwa kwa kukadiria kutoka kituo cha jirani, na unachora kwa wino mwekundu ili asidanganyike mtu. Alikubali, lakini kila alipofika kwenye wino ule mwekundu alikunja uso.

Alipima masika na viangazi kadhaa, kisha akaingiza tofauti ile kwenye mfano wake, anazungusha mashine ya hesabu kwa mkono mpaka bega linavimba. Ngazi ikashuka. Karibu yote ilikuwa mahali: mabati, maghala, miti iliyokatwa. Nilidhani atafurahi. Lakini chini ya ngazi kulikuwa na kitu kingine kidogo, kinapanda, kinashuka, kinapanda tena, kila wimbi likichukua miaka. Na alipotazama sana, aliona kama mawimbi yenyewe yanasogea juu.

"Si unaona, umepata," Leonardi alimwambia.

"Sijapata. Miaka ni michache."

"Ndiyo, ni michache. Hata mie nisingethubutu kusema zaidi."

Alitaka kuongeza miaka ya nyuma. Karatasi nyingi za zamani zilikuwa Nairobi, na kabla hazijaombwa, Jumuiya ikavunjika na mpaka ukafungwa. Nakumbuka siku redio ilipotangaza. Sie wengine tulifikiria ndugu zetu walioko Kenya. Yustina alisimama katikati ya ua akasema, "Joto langu limebaki ng'ambo."

Bernadeta alipokuja tena, Yustina alimpa jibu kwa shida. Alimwambia joto la Dar sehemu kubwa ni mji wenyewe, na lililobaki linakwenda kwa mawimbi asiyoweza kuyatabiri.

"Miaka yote hii," Bernadeta alisema, "jibu ni kwamba hujui?"

"Sijui. Na ya kwenu sijui hata nusu ya hapo, kwa sababu hakuna anayepima."

Bernadeta alichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Basi nipe na mie hilo sanduku."

Albano alilitengeneza juma lile lile. Lilisafiri juu ya basi, limefungwa kwa kamba na magunia, na Leonardi akapata kibali cha vipimajoto. Bernadeta, aliyeishia darasa la nne, alisoma joto la kijiji chake miaka mingi, akituma namba kila mwezi, mara nyingine na salamu, mara nyingine na matusi ya mapenzi kwa dada yake.

Yustina na Albano walihamia Yombo, wakajenga. Nami nilikwenda kuwatembelea. Watu wengine nao walikuwa wamejenga, mabati yanametameta mpaka kwenye mikorosho, na Fransis alikuwa amekata viwanja akauza. Nilimkuta Albano kibarazani na gogo lake. Nikamuuliza mkewe yuko wapi.

"Chanika," alisema bila kuinua kichwa. "Anatafuta nyasi za kusimamishia sanduku. Anasema hapa pameshakuwa mjini."

Nilingoja mpaka alasiri. Alikuja anasukuma baiskeli, gurudumu limepata pancha, vumbi limempaka mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, "Shoga, kaa upumzike." Akanywa maji wima, akauliza kama mvua imenyesha Temeke, na kabla sijajibu alikuwa ameshageuka kutafuta nyundo ya kung'olea sanduku.