Taji la Malkia

Juzi, katika duka la vitu vya zamani mjini Kisii, niliona beji mbili za jeshi zimewekwa pamoja. Moja ilikuwa na taji la mviringo, na nyingine taji lililobonyea katikati. Niliinama, nikaigeuza ile ya pili.

Nyanya alikuwa na beji kama ile iliyobonyea. Aliletewa na mtu aliyedai kumzika Babu vitani huko Burma, na hakuwa na kitu kingine cha mumewe. Alasiri moja, nikiwa mtoto, sajini mstaafu kutoka Ukambani, mgeni wa mwalimu wetu, alifika kwetu Manga. Nyanya akafungua kitambaa kilichonuka moshi, akampa beji aitazame. Nyanya hakujua Kiswahili, kwa hiyo nilikuwa mkalimani wao.

Sajini aliigeuza polepole. "Mwambie mama pole," alisema. "Hili lililobonyea ni taji la malkia wa Uingereza. Mzee alikufa wakati wa mfalme. Beji hii ilitengenezwa baada ya vita."

Mimi nilisikia malkia tu. "Nyanya, anasema ni ya malkia mwenyewe!"

Nyanya alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Akamshika sajini mikono yote miwili, akishukuru huku machozi yakimtiririka.

"Umemwambiaje?" sajini aliniuliza.

"Vile ulivyosema."

Alipokea kikombe cha uji, akanywa bila kuinua macho.

Tulimzika Nyanya na beji ile kifuani. Babu alilazwa wapi, hakuna ajuaye.